Siku Elspeth Alipojichagulia Fiodi

Saa nne za usiku Raewyn alikuwa bado hajafika, na mama yake alikuwa ameshaipasha moto supu mara tatu.

Tulikuwa katika ofisi ndogo ya moteli ninayofanyia usafi, Elspeth na mimi, hita katikati ya miguu yetu. Ufunguo wa chumba namba saba ulikuwa juu ya meza. Nje theluji ilianguka kidogo kidogo, ile nyepesi isiyoziba njia lakini inayoificha barafu. Raewyn alitua Queenstown saa nane mchana, akakodi gari, akatuma ujumbe wa neno moja: Nakuja. Kutoka kule hadi kwetu Te Anau ni mwendo wa saa mbili na nusu, hata ukiendesha kama mtu aliyepakata mayai.

Mimi nina binti anayefanya kazi kwenye meli za watalii za Milford, upande wa pili wa handaki la barabara lililotobolewa mlimani, kwa hiyo kusubiri barabara nakujua. Msimu wa baridi siwezi kula chakula cha jioni kabla sijasoma taarifa ya barabara. Lakini usiku ule nilikuwa nasubiri mtoto wa mwenzangu, na hilo lilikuwa gumu zaidi, maana sikuwa na ruhusa ya kulia.

"Ngaire, ukizidi kukaa hapo dirishani utalitoboa hilo pazia," Elspeth alisema.

"Labda amepasukiwa na tairi."

"Labda amegeuza."

"Ageuze aende wapi? Perth?"

"Si ndiko alikotoka. Njia ya kurudi anaijua."

Mama na binti yake walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa. Raewyn alikuwa ametoa siku moja tu katika likizo yake ya siku nne, na siku hiyo ilikuwa kesho.

Elspeth McKerrow ana miaka sabini na mbili. Alizaliwa kwenye shamba la kondoo karibu na Mossburn, akaacha shule akiwa na miaka kumi na tano ili awapikie wakata manyoya. Mikono yake mpaka leo inajua kukata mkate wa watu ishirini bila kupima. Aliolewa na Hec, fundi wa kituo cha umeme cha Manapouri, wakamzaa Raewyn peke yake. Hec alipofariki, Elspeth akapata kazi kwenye kaunta ya kuuza tiketi za meli, pale mtaa mkuu, jirani na moteli yetu. Alikaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na saba.

Kwetu kuna fiodi mbili kubwa, mikono ya bahari iliyojipenyeza katikati ya milima, na wageni wote waliingia na swali moja. Muda tulionao unatosha fiodi moja. Twende Milford au Doubtful?

Wauzaji wengine walijibu kwa picha za ukutani. Elspeth aliwatazama kwanza. Aliangalia viatu, nani amebeba begi, nani anaongea na nani ananyamaza. Kisha alimwuliza kila mmoja peke yake, hata mtoto. Mwanamume mwenye gambuti mpya na saa kubwa mkononi alimpeleka Milford, akaone ule mlima uliosimama majini kama jino, apige picha zake, arudi mjini kabla ya giza. Waliofiwa aliwapeleka Doubtful. Wachumba popote.

"Na waliooana miaka thelathini?" nilimwuliza siku moja.

"Wale Milford. Maporomoko yanapiga kelele, hakuna anayelazimika kumsikia mwenzake."

Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda hata moja. Mtu wa nje hawezi kuamini, lakini huku kwetu wako wengi wa namna hiyo. Tunasema fiodi haziondoki, tutakwenda tu. Halafu tuna ujinga wetu mwingine: tunangoja mvua. Mgeni anaililia siku ya jua, sisi tunajua Milford bila mvua haina maporomoko, ni mawe tu. Basi Elspeth alingoja mvua kubwa ya kutosha, na kila ilipokuwa kubwa ya kutosha barabara ilifungwa.

Mwezi wa tano alistaafu. Mwenye kaunta akampa kikaratasi: viti viwili, fiodi moja, siku yoyote atakayo. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akauliza kwa utani, "Haya Elspeth, ipi?" Akacheka, lakini hakujibu, na mimi niliona vile alivyokikunja kile kikaratasi.

Sasa niseme kuhusu Raewyn.

Raewyn aliolewa na Blair, kijana wa hapa hapa, kocha wa raga wa watoto, mtu ambaye pampu ya maji ikiharibika kwa jirani usiku anakuja na taa yake bila kuitwa. Mji mzima ulimpenda. Miaka kumi na moja wakaishi. Hakumpiga hata siku moja, na labda ndiyo sababu hakuna aliyeona kitu. Kisha jioni moja Raewyn akaja kwa mama yake na sanduku. Akasema hawezi tena. Akasema ndani ya nyumba ile hana neno lake, hata la kuchagua sabuni.

Elspeth akamtengenezea chai. Akamwambia, "Rudi kwako, mwanangu. Wanaume wote wako hivyo. Hata baba yako alikuwa na siku zake."

Raewyn akainywa ile chai, akakiosha kikombe, akakifuta, akaondoka. Juma lililofuata alikuwa Perth, ng'ambo ya bahari, kwa rafiki yake wa shule. Na Elspeth akaendelea kumwandalia Blair nyama ya kondoo ya kuoka kila Jumapili, miaka miwili mizima, akisema maskini ameachwa.

Haya aliniambia mwenyewe, wala hakujipunguzia.

Machi mwaka jana Blair aliingia pale kaunta na mke wake mpya, dada mmoja mpole kutoka Invercargill. Msimu ulikuwa umepamba moto, foleni imefika mlangoni. Elspeth alifurahi kumwona, akamgeukia yule dada kama alivyowageukia watu wote.

"Na wewe mwenzangu, unapenda maji yanayoanguka au maji yaliyotulia?"

Yule dada akamtazama Blair. Blair akasema, "Huyu popote twende tu."

"Melini huwa unachafukwa na moyo?"

Akamtazama Blair tena. "Hachafukwi," Blair akajibu.

"Chakula cha mchana je, utataka?"

Mara ya tatu macho yakaenda kule kule. Blair akacheka. "Elspeth, unauza tiketi au unamposa?" Foleni nzima ikacheka, na yule dada pia, ila kwa kuchelewa kidogo.

Elspeth aliwakatia tiketi zao. Kisha saa tano asubuhi, foleni ikiwa vile vile, akageuza kibao cha "Tumefunga", akanifuata chumba namba nne nilikokuwa nabadilisha mashuka. Akaketi kwenye godoro tupu.

"Ngaire, Raewyn alikuwa akifanya vile vile. Kila Jumapili mezani kwangu. Namwuliza, nikuongezee viazi? Anamtazama Blair kwanza. Miaka kumi na moja."

"Sasa wewe ungejuaje?"

"Kazi yangu ni kujua. Mjapani aliyekuja kwa saa moja ningemjua. Mimi nikikaa pale na bakuli la viazi nilikuwa najisemea, angalia, wanapendana, hawaachi kutazamana."

Nilitaka kumshika mkono, lakini nilikuwa na shuka chafu. Nikaiweka chini, nikamshika.

Aliandika barua. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili haikujibiwa. Ya tatu ikaleta majibu mafupi: Julai, siku moja. Hapo ndipo kile kikaratasi cha kustaafu kikapata kazi, na hapo ndipo mwanamke aliyewachagulia watu nusu ya dunia akashindwa kuchagua. Akashika nafasi kwenye meli zote mbili, kama mgeni asiye na uhakika.

"Naona Milford," aliniambia wiki iliyopita. "Kuna mwendo mrefu wa gari, tutatazama milima. Kule nahodha anaingiza pua ya meli chini ya maporomoko, watu wanapewa vikombe wakinge maji, wanalowa, wanacheka. Siku inakwisha hujabanwa kusema kitu."

"Na Doubtful?"

"Doubtful wanazima injini."

Najua, binti yangu alikwisha kunieleza. Meli inaingia kwenye mkono wa ndani kabisa wa fiodi, nahodha anazima kila kitu, anawaomba watu wote watoke nje wasimame, wasiongee, wasitembee, wasipige picha. Wanakaa hivyo kama dakika tano.

"Dakika tano," Elspeth alisema, "na Raewyn pembeni yangu. Nitakufa, shoga yangu."

Basi saa nne na nusu usiku ule, taa za gari zikapita ukutani. Elspeth akasimama, akaketi, akasimama tena. Nikatoka mimi na ufunguo.

Raewyn ni mrefu kama baba yake. Nywele ameziacha zikawa na mvi. "Barabara mbaya," alisema. Nilipomsaidia begi niliona vikombe vinne vya karatasi vya kahawa kwenye kiti cha mbele, vyote vya kituo kimoja cha mafuta, kile cha Mossburn. Mtu aliye njiani hanywi kahawa nne mahali pamoja. Zile habari za vikombe niliziacha mlangoni, sikumpelekea mama yake.

Walikutana pale ofisini. Hawakukumbatiana. Elspeth akasema, "Kuna supu," na Raewyn akasema, "Nimekula, Mama," kisha akaenda namba saba, na tukasikia komeo.

"Lakini amekuja," nilisema.

"Amekuja," Elspeth akasema, akaimwaga supu.

Asubuhi kulikuwa kweupe na baridi ya kung'ata masikio. Taarifa ya barabara ilisema Milford imefunguliwa kwa magari yenye minyororo ya tairi. Meli ya Doubtful nayo inaondoka kama kawaida. Mbingu haikumsaidia Elspeth hata kidogo. Ilikuwa lazima achague kabla ya saa moja.

Niliwachomea mikate ya kukunja yenye jibini. Raewyn aliketi kiti cha mwisho, cha karibu na mlango, glavu mkononi, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Basi tunakwenda wapi?" aliuliza.

"Popote unapotaka wewe."

"Sitaki popote. Nimekuja kukuona, nimekuona. Chagua wewe, Mama. Si ndiyo kazi yako, kuwachagulia watu?"

Nikageukia jiko nisionekane uso. Elspeth hakukasirika. Alimtazama binti yake polepole, glavu, koti, kiti, vile alivyokuwa akiwatazama wageni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hivyo.

"Doubtful," akasema.

Nilidondosha mkate. Nilipompata peke yake, akitafuta kofia ya sufu kwenye sanduku lake la nguo, nikamnong'oneza, "Si ulisema utakufa?"

"Umeona alivyokaa? Mtu aliyekaa hivyo, ukimpeleka Milford atakushukuru kwa siku nzuri, atapanda ndege, na ndiyo basi."

Raewyn akaniuliza kama nami naenda. Nikasema sina kiti. "Julai na baridi hii meli zenyewe tupu," akasema. "Twende. Kuwe na mtu wa kuongea naye." Elspeth akaitikia kwa kichwa, na sikujua nani kati yao alikuwa akinihitaji. Nikavua aproni.

Kwanza unavuka ziwa Manapouri kwa meli ndogo, karibu saa nzima. Mimi nilihesabu majaketi ya kujiokolea, kisha watu, kisha majaketi tena. Tulikuwa abiria kumi na tisa. Elspeth na Raewyn waliketi wakielekeana, chupa ya chai katikati. Nikajifanya natazama visiwa.

"Nilikuandikia kwamba nilikosea," Elspeth alianza.

"Nimezisoma barua, zote tatu."

"Sikukuandikia jinsi nilivyokuja kujua." Akamsimulia Machi, foleni, yule dada, maswali matatu. Alisimulia vizuri, bila kuongeza chumvi. Alipofika kwenye viazi akaitazama chupa ya chai, akamaliza.

Raewyn alikifuata kisiwa kimoja kwa macho mpaka kikapita.

"Kwa hiyo ulimwamini yeye," akasema.

"Nani?"

"Yule mke. Mtu humjui. Kwa maswali matatu, dakika tano, ukamwamini. Mimi nilikuja na sanduku, mtoto wako wa kumzaa, nikakwambia kwa mdomo wangu. Ukanipa chai."

"Raewyn..."

"Sasa nifanye nini na hiyo hadithi, Mama? Nifurahi?"

Elspeth aliivuta ile chupa ya chai kwake, akaipakata.

Ng'ambo ya ziwa tulipanda basi kuvuka mlima. Raewyn alikwenda kuketi mbele, jirani na dereva. Elspeth alikaa nami, begi limepakatwa. Njia ile ina miteremko ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake, nami niliushika mkono wake zaidi kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake.

"Nimekosea tena," alisema. "Nimemwambia ili aone nimejua. Nimejitetea tu."

"Bado siku ndefu."

"Siku ndiyo hii tu niliyo nayo, Ngaire."

Chini kabisa maji ya bahari yalikuwa yametulia, meusi, na meli kubwa ikingoja. Raewyn aliingia moja kwa moja chumba cha abiria, chenye joto, akaketi nyuma ya kioo. Elspeth alisimama nje pamoja na wageni. Milima ilipita, misitu imening'inia juu ya mawe hadi majini, theluji juu yake. Sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi na manyoya, walikuwa wamelala kwenye mwamba, mmoja akainua kichwa na kukirudisha. Wageni walishangilia. Kijana mwongozaji akamwuliza Elspeth kama ni mara yake ya kwanza, naye akasema ndiyo, na yule akaanza kumweleza Doubtful ni ndefu kuliko Milford mara tatu. Elspeth akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama hajawahi kuyasema hayo mara elfu.

Mara mbili alikwenda hadi mlango wa kioo, akasimama, akarudi.

"Ingia ukakae naye," nilisema.

"Hajaniita."

"Wewe ni mama yake."

"Nilikuwa mama yake siku ile pia."

Halafu meli ikapinda, ikaingia mkono mwembamba ambako milima ilikaribiana, na mwendo ukapungua. Sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika. Alituomba tutoke nje sote, tuweke simu mfukoni, tusimame mahali pamoja. Nikamwona mwongozaji akiingia ndani, akiinama, akimwambia Raewyn jambo. Raewyn akatikisa kichwa. Mwongozaji akatoka peke yake, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

Injini ikazimwa. Baadaye kidogo kitu kingine kikazimwa, kile chenye mvumo mdogo ambao hukujua unausikia.

Siwezi kueleza vizuri ule ukimya. Kwanza nilisikia tumbo langu, nikaona haya. Kisha nikasikia tone la maji likianguka kutoka kwenye mti, mbali, na jingine. Ndege mmoja aliita juu msituni na hakuna aliyemjibu. Koti la mtu lilikwaruza, akaacha kupumua kwa nguvu. Watu kumi na nane tumesimama kama tulioitwa na kusahauliwa.

Elspeth alikuwa mbele yangu, mkono mmoja kwenye chuma cha ukingo. Hakuutazama mlima wala maji. Aliugeuzia mgongo uzuri wote ule, akaelekea kioo. Nyuma ya kioo Raewyn alikuwa ameketi, glavu mezani safari hii, anamtazama mama yake. Elspeth hakumpungia mkono. Hakuita kwa midomo, hakufanya ishara, hakujaribu kutabasamu. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na aliyaacha yalowe. Alisimama tu pale aonekane, mwanamke mzee mwenye kofia ya sufu, hana neno.

Nilianza kuhesabu sekunde, ndio ugonjwa wangu. Nilifika mia mbili. Nikajua nahodha atawasha sasa hivi. Nikamwomba moyoni asubiri, baba, subiri kidogo.

Raewyn alisimama. Akabaki amesimama pale mezani kidogo, vidole juu ya kioo. Elspeth hakusogea.

Mlango ule ulikuwa wa kusukuma kwa upande, na reli yake imeshika chumvi. Raewyn alipoanza kuufungua ulilia, sauti kavu iliyojaa fiodi nzima, na watu wote wakageuka. Mzee mmoja alikunja uso. Raewyn hakumjali. Akaushika kwa mikono miwili, akausukuma mpaka mwisho.